Kukuna nazi, kukamua na kutilia tui lisikatike

Mwali wa pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, hakuhesabiwa kuwa anajua kupika mpaka mchuzi wake wa nazi utulie chunguni bila kuachana maji na mafuta. Leo nazi husagwa kwa mashine, na tui huuzwa kwenye kopo, kwa hiyo wengi wamebaki na kitoweo huku ile kazi yenyewe wakiisahau. Siri za kazi hii ni chache: maji machache mwanzoni, matui yasichanganywe, na moto mdogo mwishoni. Karibu kila mchuzi ulioharibika uliharibikia kwenye mojawapo ya hizo.

Kuchagua nazi

Tunda la mnazi lina majina kwa kadiri ya umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Tui hutoka kwenye nazi iliyokomaa tu. Dafu lina nyama laini ya kukomba kwa kijiko, mafuta halina. Koroma huwadanganya wengi. Nyama yake imeshakuwa nene na nyeupe, lakini ukiikamua unapata tui jepesi lenye utamu wa maji, na mchuzi hauwi mzito hata upike mpaka jioni.

Sokoni, shika nazi uipime uzito mkononi, kisha itikise karibu na sikio. Maji yacheze ndani. Nazi nyepesi isiyo na sauti ama imepasuka na maji yamevuja, ama imeoza. Tazama macho matatu ya kifuu: yawe makavu, bila ukungu wala unyevu. Jicho likibonyea kwa kidole, iache. Nazi iliyoanza kuota huwa na joya ndani, lile tonge jeupe laini kama sponji ambalo watoto hulipenda. Wape wale, lakini usiitegemee nazi hiyo kwa tui, maana chipukizi limeshaanza kula mafuta yaliyokuwa kwenye nyama.

Kwa familia ya watu 5 au 6, nazi 2 za wastani zinatosha mchuzi mmoja. Wali wa kilo moja nao unataka nazi 2 kubwa za peke yake.

Kuvunja

Kabla ya kuvunja, nyoa nyuzi za makumbi zilizobaki kwenye kifuu, kwa kisu au kwa kiganja. Nyuzi hizo zikiachwa huangukia kwenye nazi iliyokunwa, na zikipita kwenye kung'uto, lile chujio la tui, utazikuta mdomoni. Kisha lalisha nazi kiganjani, macho yakielekea pembeni, na uigonge katikati kwa mgongo wa panga au kisu kizito, huku ukiizungusha kidogo kila pigo. Usipige kwa makali. Baada ya mapigo matano au sita utasikia sauti imebadilika, ufa umepita. Kinga maji kwenye bakuli na upanue kwa mikono.

Lengo ni kupata vipande viwili vilivyo sawa na vyenye ukingo laini. Nazi iliyopasuka vipande vitatu vinne hukunika kwa taabu na hukata vidole.

Sasa onja maji yale na unuse nyama. Maji yakiwa machachu, au nyama ikiwa na rangi ya manjano na utelezi, itupe nazi nzima. Usikate sehemu mbovu ukatumia iliyobaki. Kila nazi ivunjwe na ionjwe peke yake kabla ya kuwekwa na wenzake kwenye sinia. Wahenga waliposema nazi mbovu harabu ya nzima walikuwa wakisema jambo la jikoni kabisa: nazi moja iliyochacha ikikunwa juu ya nne nzuri, tui lote linanuka, na hakuna bizari itakayolificha.

Kukuna

Mbuzi ni kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma na meno mwishoni. Kabla ya kukaa, pitisha kidole kwa uangalifu kwenye meno. Yakiwa butu, nyama hutoka kama vibanzi badala ya kutoka kama unga laini, na vibanzi havitoi tui. Fundi atayanoa kwa tupa kwa dakika chache. Yakiwa na kutu, yasugue na uyasuuze, la sivyo tui litakuwa na weusi na ladha ya chuma.

Kaa upande au kwa kupanda mbuzi, vyovyote goti lako linavyokuruhusu, na sinia au ungo uwe chini ya meno. Shika kifuu kwa mikono miwili, anzia ukingoni, vuta kwa mikwaruzo mifupi huku ukikizungusha. Anayeanza huwa na pupa ya kuchimba katikati. Matokeo yake ukingo unabaki na nyama ngumu ambayo baadaye haifikiki bila kujikwangua vidole. Ukingo kwanza, kisha teremka taratibu kuelekea chini.

Ukiona rangi ya kahawia inaanza kuchungulia, acha hapo. Ile ngozi ya kahawia haina sumu, ila hulitia tui weusi na huacha chembe zinazokwaruza ulimi. Kwa mafuta ya nazi haidhuru. Kwa wali mweupe wa karamu, inadhuru sana.

Mzoefu humaliza nazi moja kwa dakika 5 hadi 7. Nazi ya wastani hutoa vikombe 3 hivi vya nazi iliyokunwa (kikombe cha chai cha robo lita).

Mashine ya kusagia nayo inafaa. Katakata nyama vipande vidogo, ondoa ngozi ya kahawia, saga na maji vuguvugu kwa dakika 2. Kasoro yake ni kwamba bila maji mengi haizunguki, kwa hiyo tui la kwanza huwa jepesi kuliko la mkono. Punguza maji kadiri mashine inavyovumilia.

Kukamua: tui la kwanza, la pili na la tatu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza nazi yao. Wanamimina jagi zima la maji mara moja, wanakamua, basi. Wanapata maji meupe mengi yasiyofaa kuanzia chakula wala kumalizia.

Tui la kwanza, ambalo likikamuliwa kwa maji machache mno au bila maji kabisa huitwa kasimile, ndilo lenye mafuta. Kwa kila nazi tia nusu kikombe cha maji vuguvugu. Maji ya baridi hayafai, kwani mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakiganda yanabaki ndani ya machicha, yaani makapi ya nazi iliyokamuliwa. Maji yanayochemka nayo hayafai, kwa sababu yanaanza kuipika nazi kabla hujaikamua, na yatakuunguza. Kipimo cha zamani ni kidole: kikiweza kukaa ndani ya maji bila kukimbia, maji yamefika.

Fikicha nazi na maji hayo kwa dakika 2 au 3, kama unayefua kitambaa chepesi, mpaka uone weupe unajaa katikati ya vidole. Kisha tia kwenye kifumbu, kile kifuko cha kusuka cha kukamulia, ukinyonge, au kamua kwa viganja juu ya kung'uto. Nazi moja itakupa kikombe kimoja hivi au pungufu kidogo. Liweke tui hili pembeni kwenye chombo chake na ulifunike. Lisiguswe mpaka mwisho wa mapishi.

Rudisha machicha kwenye sinia, tia kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kila nazi, fikicha tena, kamua. Hilo ni tui la pili, la kupikia. Mara ya tatu tia kikombe kimoja. Hayo ni maji tu yenye harufu ya nazi, mazuri kwa kuchemshia maharage au kuongezea chungu kinachokauka.

Ukitumia kitambaa badala ya kifumbu, kiwe cha pamba, kikuukuu, na kisiwe kimefuliwa kwa sabuni ya manukato. Tui hushika harufu upesi kuliko maziwa. Kifumbu na kung'uto zisuuzwe papo hapo baada ya kazi, zimwagiwe maji ya moto na kuanikwa juani. Kifumbu kilicholala na mabaki ndicho kinachochachusha tui la kesho, halafu lawama anapewa muuza nazi.

Kutilia tui

Utaratibu haubadiliki, uwe unapika samaki, mchicha, kunde au mbaazi: kitu kiive kwanza, tui la pili liingie, na tui la kwanza lifunge kazi.

Maharage, kunde na mbaazi zilainike kabisa kwa maji kabla hazijaonja tui. Ukitia tui mapema, mafuta yatashika chini na kuungua huku punje bado ngumu. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe kwa maji mengi, chungu kikiwa wazi, kwa muda wa saa moja hivi, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa; tui halifuati mpaka uchungu umetoka. Mchicha ni mwepesi, dakika 5 unatosha.

Kwa mchuzi wa samaki, kaanga vitunguu na nyanya mpaka nyanya ziive na kukauka, tia bizari, kisha tui la pili. Hili linaweza kuchemka bila wasiwasi mkubwa. Vitu vichachu, yaani ukwaju, embe bichi au nyanya, viingie wakati huu na vichemke vya kutosha. Ndimu ni habari nyingine: ikamuliwe chungu kikiwa kimeepuliwa.

Sasa tui la kwanza. Punguza moto kabla ya kulimimina, si baada. Kwenye mafiga vuta kuni mbili nje, kwenye jiko la makaa ondoa nusu ya makaa, kwenye gesi shusha mpaka chini kabisa. Mimina taratibu kwa mkono mmoja, mwingine ukikoroga. Chukua upawa, teka mchuzi, uinue na kuumimina tena, teka na kumimina, bila kuacha, mpaka uone povu dogo linaanza kuzunguka pembeni ya chungu. Usifunike. Chungu kilichofunikwa huchemka ghafla bila wewe kuona, na dakika moja hiyo inatosha kuharibu.

Kuna wanaosisitiza kwamba lazima ukoroge upande mmoja tu, ukigeuza mkono tui linakatika. Upande hauna kosa. Linalosaidia ni kwamba mkono hausimami: tui likitulia juu ya moto, la chini hupata joto kali na kuganda wakati la juu bado halijachemka.

Acha livukute kwa dakika 5 hadi 8. Ukiepua mapema mno utasikia harufu mbichi na mchuzi utakuwa na ladha ya maziwa. Tui lililoiva hubadilika harufu, huwa zito kidogo, na juu yake hutokea vijicho vidogo vya mafuta huku mchuzi wenyewe ukiwa laini. Vijicho hivyo ni dalili njema. Usivichanganye na kukatika: tui lililokatika huwa na chembechembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda, zikielea juu ya maji maangavu.

Linakatika kwa nini? Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikwa na protini ya nazi. Moto mkali, uchachu au chumvi nyingi huigandisha protini ile, ikaachia mafuta yajitenge. Ndiyo maana chumvi ya mchuzi hupimwa mwisho. Pwani kuna sababu nyingine ya kungoja: visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na tui lililokamuliwa kwa maji hayo limeshakolea kabla hujagusa kopo la chumvi.

Likishakatika, epua mara moja. Koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa mchele kwenye maji baridi kidogo, mimina, rudisha kwenye moto mdogo kabisa na uteke kwa upawa dakika 3. Kama umebakiza tui zito, ongeza robo kikombe. Halitarudi kama mwanzo, lakini halitaaibisha sahani, na ladha yake haijapungua. Tui la kopo haliharibiki hivyo kirahisi kwa kuwa mengi yametiwa kitu cha kulishikiza. Wapikaji walio ughaibuni wanaolitumia watikise kopo kwanza, au wachote uzito uliopanda juu watumie kama tui la kwanza.

Wali wa nazi

Wali una hila yake. Kwa vikombe 2 vya mchele uliochambuliwa, ukaoshwa na kulowekwa dakika 20, andaa vikombe 3 vya tui la pili na nusu kikombe cha tui la kwanza. Mchele mpya wa msimu unataka tui pungufu kidogo, wa ghalani tangu mwaka jana unataka zaidi.

Chemsha tui la pili na chumvi huku ukikoroga. Likichemka tia mchele, koroga mara moja chini mpaka juu, kisha acha. Tui likishakauka hadi usawa wa mchele, mwagia tui la kwanza juu, geuza kwa upole, funika. Punguza moto wa chini na uupalie: panga makaa machache juu ya kifuniko. Dakika 15 hadi 20. Mwenye jiko la gesi abane sufuria kwa kifuniko kizito na ashushe moto mpaka mwisho. Ukoko atapata, ile harufu ya makaa hatapata.

Kosa kubwa ni kuanzia na tui zito. Mchele huiva kwa kunywa maji, na mafuta mengi yakiugubika mapema hunywa kwa shida: juu unang'aa, ndani una kiini kigumu. Ukishakutana na kiini, nyunyizia robo kikombe cha tui la tatu lenye moto, funika tena na uupalie dakika 10. Usikoroge, utapata bokoboko.

Chakula cha nazi hakilali

Tui bichi halivumilii joto la pwani zaidi ya saa 3 au 4. Likingoja mpishi wa jioni, lichemshwe kidogo huku likitekwa, lipoe likiwa wazi, ndipo lifunikwe. Mchuzi uliobaki uhifadhiwe baridini. Pasipo na friji uchemshwe tena kabla ya kulala na uchemshwe alfajiri, kisha uliwe. Ukiona povu dogo na harufu ya uchachu, mwaga. Kufunika chungu kingali moto huharakisha uharibifu, kwani mvuke hurudi na joto linakaa muda mrefu ndani.

Mafuta

Nazi zikiwa nyingi na zikianza kuzeeka, kamua nazi 10, changanya tui la kwanza na la pili, uliache usiku kucha kwenye chombo kipana kilichofunikwa. Asubuhi engua uzito uliopanda juu, uweke kwenye sufuria nzito na uchemshe kwa moto wa wastani ukikoroga. Itachukua saa moja au zaidi. Kwanza hutoa povu, kisha huganda vipande, kisha mafuta maangavu yanaanza kujitenga na mashapo.

Sikiliza zaidi kuliko kutazama. Maadamu kunachacharika, bado kuna maji. Kelele zikinyamaza na mashapo yakiwa na rangi ya dhahabu, epua. Ukingoja yawe meusi, mafuta yatanuka moshi. Ukiepua yakiwa meupe, maji yaliyobaki yatayachachusha ndani ya wiki chache. Chuja yangali vuguvugu, tia kwenye chupa kavu kabisa. Utapata nusu lita hivi, zaidi kidogo nazi zikiwa nzuri. Yakiganda wakati wa kipupwe hayajaharibika, weka chupa juani. Mashapo yenyewe watoto huyagombania na sukari.

Machicha ya kukamuliwa wapewe kuku siku hiyo hiyo, kabla hayajachacha, au yasugulie masufuria. Vifuu vikikauka huwaka kwa moto mkali kuliko kuni nyingi. Makumbi huwashia jiko. Mbuzi ioshwe, ikaushwe meno juani, ikunjwe na kutundikwa ukutani meno yakitazama ukuta, juu ya kimo cha mtoto anayeanza kutembea.